Uliza "Umejuaje?" Hata Jibu Likiwa Sahihi

Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha hisabati darasa la pili na la tatu niliuliza maswali mengi mno. Saba mara sita ni ngapi? Kumi na tano toa tisa? Mikono juu, jibu, vizuri, mwingine. Darasa lilichangamka, nami nikaamini watoto wanafikiri. Kumbe wengi walikuwa wanakumbuka tu, na wasiokumbuka walijificha nyuma ya mikono ya wenzao.

Kilichonifumbua macho ni 52 toa 17. Mtoto mmoja aliandika 45. Siku zote ningeweka alama ya kosa na kupita. Siku ile niliinama kwenye dawati lake nikamwambia, "Hebu nieleze ulivyofanya." Akaeleza bila kusita: kwenye mamoja, saba toa mbili ni tano, kwenye makumi, tano toa moja ni nne. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa na kanuni yake, kubwa toa ndogo popote zilipo, na aliifuata kwa uaminifu. Ningemfundisha kukopa kwa mara ya tano, angekariri hatua zangu juu ya kanuni ileile mbovu.

Nikamuuliza, "Ukiwa na 52 ukaondoa 10 tu, unabaki na ngapi?" Akasema 42. "Haya, sasa litazame jibu lako." Alikaa kimya kitambo, akachukua kifutio mwenyewe.

Tangu hapo swali langu kuu ni "umejuaje?" Lakini hapa pana mtego, na ndipo ninapowaomba walimu wenzangu muwe waangalifu. Ukiliuliza kwa aliyekosa peke yake, watoto watalielewa upesi kuwa maana yake ni "umekosa". Nimewahi kumwona binti akifuta jibu sahihi kwa sababu tu nilimuuliza alilipataje. Iliniuma. Ilinichukua wiki kadhaa za kuwauliza wote, waliopata na waliokosa, kwa sauti ileile na uso uleule, ndipo hofu ikaondoka.

Jambo la pili ni kunyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kusema tena. Walimu waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walijitokeza. Sekunde 3 darasani ni ndefu kuliko unavyodhani. Mimi huzihesabu moyoni. Na usisahau kusubiri hata baada ya mtoto kujibu, maana mara nyingi sentensi yake ya pili ndiyo yenye fikra.

Kuna maswali ambayo si maswali. "Hapa tunakopa kwenye makumi, sivyo?" Darasa zima litaitikia "ndiyoo", na hakuna aliyefikiri.

Jaribu hili badala yake. Andika ubaoni 8 + 4 = __ + 5, kisha keti. Nilipolitoa mara ya kwanza, karibu darasa lote liliandika 12, wengine 17. Sikusahihisha. Niliuliza, "Alama hii ya sawa inatuambia nini?" Wakasema, "Inasema andika jibu." Hapo nikaelewa kuwa kwa miaka mitatu tumewaandikia hesabu ambazo jibu huwa kulia daima. Nikaandika 7 = 7, nikauliza kama ni kweli. Kisha 5 = 2 + 3. Walibishana karibu kipindi kizima, hadi mmoja akasema pande mbili lazima ziwe na kiasi kimoja. Wakarudi wenyewe kwenye lile la kwanza, wakaandika 7.

Maswali yenye majibu mengi nayo hufaa sana. Mzingo wa mstatili ni 20: pande zake zaweza kuwa ngapi? Eneo lipi ni kubwa kuliko yote? Anayeweza kidogo ataanza na 4 na 6, mwepesi atazipanga zote na kugundua mraba.

Ninalolipenda kupita yote, hata hivyo, ni "je, ni hivyo kila mara?" Tulikuwa tumeona kwamba 3 + 5 ni shufwa, 7 + 9 ni shufwa. Mtoto mmoja aliyekuwa haongei alipanga vifuniko viwili viwili juu ya dawati. Kila namba witiri, akasema, ina kimoja kisicho na mwenzake. Ukizikusanya mbili, wale wapweke wanakutana. Nikanyamaza, nikahesabu sekunde zangu. Mwenzake akadakia kutoka nyuma: "Je, zikiwa witiri tatu?"

Somo nililokuwa nimeandaa lilikuwa la kuzidisha. Tukaliacha hadi kesho yake.