Wayaringi ya bafu: jua kwanza maji yatatoka wapi

Mkuu umeuliza, nyumba ya mzee ipo Lindi, wayaringi ya zamani unaing'oa yote na bafuni unataka shawa ya moto, sasa ujipange vipi kabla fundi hajachimba ukuta. Sisi tulifanya hiyo kazi Mikindani kwenye nyumba ya familia, zile za mawe na chokaa, kwa hiyo nakupa ya pale pale.

Usianze na fundi umeme, anza na fundi bomba. Waite wote wawili siku moja wasimame bafuni na chaki, wachore shawa inakaa wapi, sinki wapi, bomba linapanda wapi. Ukimwachia fundi umeme peke yake atapitisha paipu zake za waya njia ya mkato, halafu fundi bomba anakuja na tindo yake anakata hapo hapo.

Bafu zetu nyingi hazina beseni la kuogea, ni sakafu ya tailizi na maji yanaruka kote. Kanuni za umeme za Waingereza, BS 7671, kwa bafu la aina hiyo zinahesabu mita 1.2 kutoka shawa ilipofungwa, na kwenda juu mpaka mita 2.25, kuwa ni eneo la maji. Humo swichi ya kawaida haikai, soketi ndo usiseme, na soketi ya pini tatu inatakiwa isogee mita 2.5 zaidi kutoka mwisho wa hilo eneo. Pima bafu lako uone kama inawezekana, kwetu haikuwezekana, kwa hiyo bafuni hakuna soketi kabisa na mashine ya kufulia tukaipeleka koridoni. Taa chukua iliyofungwa vizuri yenye alama ya IP44 au zaidi, yaani maji yakiirukia hayaingii, swichi yake weka nje ya mlango.

Sasa shawa ya moto, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Hizi zinazochemsha maji papo kwa papo zinakula kama kilowati 5.5, gawanya kwa volti 230 unapata ampia 24, yaani pasi tano zinawaka kwa pamoja. Tulipofungua dari tukakuta fundi aliyepita aliichukulia umeme kwenye laini ya taa, waya wa milimita za mraba 1.5, maungio ya tepu, plastiki imeshakuwa kahawia na ukiigusa inapukutika kama biskuti. Shawa inatakiwa laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, isiungwe popote njiani. Fundi atakwambia waya wa 4 unatosha, na kwenye makaratasi ni kweli, ila waya wako unapita juu ya dari chini ya bati, na unajua mwenyewe joto la saa nane mchana Lindi likoje, waya ukipata moto uwezo wake unashuka. Weka 6, breka ya ampia 32, na swichi ya hita nje ya mlango, ile inayokata nyaya zote mbili, laivu na nyutro. Paipu ya waya nayo iwe ya milimita 25, usimkubalie ya 20, waya wa 6 unakwama kwenye kona.

Kabla hujalipia hiyo waya angalia tenki lako. Likiwa limekaa chini presha inakuwa ndogo na shawa haiwaki, watu wanasema umeme mbovu kumbe maji. Na kama mnatumia maji ya kisima, yaonje. Kuna shawa za maji yasiyo na chumvi na kuna za maji ya chumvi, imeandikwa kwenye boksi, ukichanganya koili haidumu.

Ethi sasa, ule waya unaopeleka umeme ardhini kwenye fimbo iliyozamishwa, na hapa usione haya kumsumbua fundi. Mchanga wetu wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri. Tuseme ethi yako ina ukinzani wa omu 100, hita ikipiga shoti kwenye bodi yake zinapita ampia 2.3 tu, breka ya 32 haitashtuka hata kidogo na wewe upo chini ya maji. RCD ya miliampia 30, kile kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja, ndo itakata. Kwa hiyo RCD lazima, na fundi apime ethi kwa kifaa, sio kwa macho, namba ikiwa kubwa azamishe fimbo zaidi au aongeze nyingine. Habari za kumwaga chumvi shimoni achana nazo, chumvi inaila fimbo. Na usidanganyike kwamba bomba ni za plastiki basi uko salama, maji yenyewe yanapitisha, ya chumvi ndo kabisa.

Skrubu chukua za shaba au stenlesi, za kawaida hewa ya bahari inazimaliza upesi. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, mwambie akuonyeshe. Plasta isipigwe kabla hujapiga picha kuta zote na futi ikiwa imenyooshwa kwenye picha, mwenye drili atakuja kukushukuru.

Na ongea na wenzako nyumbani kuhusu LUKU. Dakika 10 za kuoga ni karibu uniti moja. Watu wanne kila siku unazungumzia uniti 110 kwa mwezi kwa kuoga tu, na kama mita yenu ipo kwenye tarifu ile nafuu ya mwisho uniti 75 kwa mwezi, mmeshatoka. Sisi tunawasha kipindi cha kusi tu, mwezi wa sita na wa saba, miezi mingine maji ya tenki yenyewe yanakuja ya moto.

Weka hapa vipimo vya bafu na urefu wa tenki kutoka chini, nikuchoree paipu zipite wapi.