Kukopa kwa ajili ya biashara ya sola: piga hesabu kabla ya kuingia benki

Wauza sola wengi hapa Tanzania wakinyimwa mkopo hulalamikia dhamana. Ni kweli: benki inataka nyumba yenye hati, na paneli ambazo tayari ziko juu ya mabati ya wateja haizihesabu kitu. Lakini kuna biashara nyingi zilizoumizwa na mkopo zilioupata, kwa sababu fedha ya miezi 12 ilitumika kwa kazi ya miezi 20.

Anza na mzigo. Ukiagiza betri na inverta China, kiwanda kwa kawaida hutaka asilimia 30 unapoweka oda na 70 kabla ya kukuachia hati za meli. Weka wiki tatu au nne za kutengeneza, nne hadi sita za baharini, moja au mbili za kutoa kontena bandarini Dar es Salaam, kisha miezi miwili mitatu ya kuuza. Shilingi ya kwanza uliyotoa inarudi baada ya miezi minne hadi sita. Ukipangiwa marejesho kuanzia mwezi wa kwanza, utakuwa unalipa mkopo kwa fedha ya mkopo huohuo. Omba miezi mitatu au minne ya kulipa riba tu, na uiombe kwenye barua ya maombi. Faili likishapita kamati ya mikopo, kubadilisha ratiba ni kuanza upya.

Mtaji unakozama hasa ni kwenye lipa kidogo kidogo. Tuseme seti ya taa, redio na chaji ya simu inakugharimu 300,000 mpaka stoo. Mteja anatanguliza 60,000, halafu 1,000 kwa siku kwa siku 400. Kwenye daftari umeuza kwa 460,000. Ukifunga seti 100 umetoa milioni 30, umeshika milioni 6, na milioni 24 ziko nje. Wote wakilipa bila kukosa, unakusanya milioni 3 kwa mwezi na gharama ya mzigo inarudi kwa miezi minane. Hawalipi hivyo. Makusanyo yakiwa asilimia 70 unapata milioni 2.1, na zinahitajika zaidi ya siku 340 kurudisha bei ya mzigo peke yake, kabla hujamlipa fundi, wakala wala riba. Tena kijijini fedha huja kwa msimu: wakati wa palizi makusanyo yanadorora, pamba au korosho ikishauzwa yanapanda.

Kwa biashara ya namna hiyo tafuta mkopo wa miezi 24 na kuendelea, au punguza idadi ya wateja wa kudai. Mkopeshaji anayeijua kazi hii atataka jedwali la makundi: waliofungiwa Januari, kila mwezi wamelipa asilimia ngapi ya walichopaswa kulipa, waliofungiwa Februari, vivyo hivyo. Wastani mmoja wa wateja wote huficha ugonjwa, maana wapya bado wana ari ya kulipa na ndio wanaoupandisha. Ukiendelea kufunga seti mpya kila mwezi, unaweza usigundue kwamba kundi la mwaka jana limeshakufa.

Ulizia pia riba inapigwaje. Milioni 24 kwa mwaka mmoja, asilimia 18 juu ya mkopo wote mpaka mwisho, ni riba ya milioni 4.32. Asilimia hizohizo juu ya salio linalopungua ni kama milioni 2.4. Halafu ongeza ada ya maombi na bima.

Makaratasi ni yaleyale: cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, cheti cha kodi, leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) kama mnafunga umeme, hesabu zilizokaguliwa, taarifa ya benki na ya lipa namba. Kinachoangusha wengi ni mauzo kuingia kwenye namba ya simu ya mwenye duka. Kwa benki, mauzo hayo hayapo.

Kwa pampu za umwagiliaji, mwache mkulima ndiye akope. Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) ina mfuko wa kudhamini mikopo ya wakulima wadogo kwenye benki za biashara, na PASS Trust nayo hudhamini mikopo ya kilimo. Wewe unatoa profoma (ankara ya awali yenye bei), benki inakulipa, deni linabaki kati yake na mkulima. Profoma yenyewe ijieleze: maji yapo mita 40, yanahitajika lita 15,000 kwa siku, paneli wati 900 hivi. “Pampu ya sola seti 1” haimsaidii afisa mikopo kutetea ombi.

Ruzuku za nishati vijijini, zikiwemo zinazopitia REA (Wakala wa Nishati Vijijini), mara nyingi hulipwa kwa matokeo: funga kwanza, ukaguliwe, ndipo ulipwe. Kwa hiyo si mtaji wa kuanzia. Utahitaji fedha nyingine ya kuvuka hapo katikati. Na mkaguzi hukata madai kwa vitu vidogo: simu ya mteja haipatikani, namba ya seti haioani na orodha. Stika ya namba iko mgongoni mwa paneli. Fundi aipige picha paneli ikiwa bado chini, pamoja na alama ya mahali ilipo nyumba, la sivyo kuna mtu atapanda tena juu ya bati kufungua boliti.

Mkopo unaotoka nje ya nchi uandikishwe Benki Kuu kupitia benki yako upewe namba ya kumbukumbu ya deni. Bila hiyo utakwama siku ya kutuma marejesho. Riba inayokwenda nje hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na mikataba mingi humtwisha mkopaji: riba ya 12 inakuwa 13.3. Halafu kuna dola. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kama shilingi 2,300, katikati ya 2024 ikapita 2,600. Deni la dola 50,000 likatoka milioni 115 hadi 130, riba bado. Tangu 2025 kanuni zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo mzigo huo humsukumii mteja. Kama unauza kwa shilingi tu, mkopo wa shilingi wa asilimia 17 unaweza kuwa nafuu kuliko wa dola wa asilimia 9.