Maswali yenu ya boti: injini moja mbele nyingine nyuma, kiwanda kimekosea?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Niko Maskati, gereji ya boti. Bosi kanunua boti ya mbio ya Kimarekani, ya zamani kidogo, futi 38, V8 mbili na miguu ya kuendeshea (ile yenye propela) iko nyuma. Kufungua mfuniko nakuta injini moja imesogezwa mbele, nyingine iko nyuma kabisa. Bosi anataka tuzipange sambamba kama za boti zingine. Nimwambieje?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Mwambie bosi hela yake akae nayo, hiyo boti ilizaliwa hivyo na haina kosa lolote. Boti za aina hiyo zilikuzwa sana Miami, mtaa wa NE 188th Street, kwa kina Don Aronow, mtengenezaji wa boti za mbio, nyembamba, upana kama futi 8 tu, na tumbo lake ni V kali, nyingi digrii 24 hivi. Tumbo hilo lilipata jina 1960, pale Moppie, boti iliyotokana na mchoro wa Ray Hunt, iliposhinda mbio za Miami hadi Nassau bahari ikiwa chafu kweli.

Sasa upana huo ukiweka V8 mbili kubwa bega kwa bega, na manifoldi za ekzosi zimetokeza huku na huku, hazitoshi vizuri, inabidi uzitanue na ukizitanua zinapanda kwenye mashavu ya V. Wakazipishanisha. Kila injini ikasogea kwenye mkuku (uti wa chini katikati ya boti) ikakaa chini, na miguu nayo ikakaribiana, na hapo ndo utamu ulipo, maana V inapanda kadiri unavyoenda ubavuni, kwa hiyo propela iliyo mbali na mkuku inakaa juu zaidi, ukikata kona kali au wimbi likiinua ubavu inatoka nje, inameza hewa, injini inalia mizunguko inapaa halafu inarudi majini kwa kishindo na gia ndo zinaumia. Zikiwa katikati zinabaki ndani ya maji. Pia uzito wa injini moja ukija mbele, pua haidundi ovyo kwenye mwendo.

Ubaya upo. Chumba cha injini kinakuwa kirefu kinakula nafasi ya abiria, plagi za upande wa ndani utazitafuta kwa kupapasa, na gatini ukiweka moja mbele moja rivasi boti inageuka kivivu kwa sababu propela zimekaribiana. Kuzihamisha lakini ni kukata kibao cha nyuma utoboe matundu mapya na kujenga upya mihimili ya fiberglass inayobeba injini, kwa gharama hiyo si anunue tu boti pana?

Wewe hangaika na ile shafti inayotoka injini ya mbele kupita pembeni ya mwenzake mpaka kwenye mguu. Zima kila kitu, ishike kwa mkono uitikise. Ukisikia "tik" krosi (viungo vya shafti) zimekwisha, badilisha, na kama kava lake limetolewa (mafundi wengi wanalitoa wakiona linawasumbua) lirudishe kabla hujawasha, shafti ikikatika mwendoni inachapa kila kitu kwenye ngama.

SWALI: Tuko Nungwi, tunafunga mashine mbili za nje, V6, hp 200 kila moja. Tuziweke mbali mbali ili boti igeuke haraka?

JIBU: Hapana. V6 kubwa nyingi zinafungwa inchi 26, kama sentimita 66, katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, ila soma kitabu cha mashine zenu maana zipo zinazotaka zaidi. Ukizibana kuliko hapo zinagongana vichwa mkikata usukani, na mkizitanua kupita kiasi ya nje inavuta hewa kwenye kona, shida ileile ya boti ya Maskati. Na hakikisheni moja ni ya kuzunguka kinyume, zote zikizunguka upande mmoja usukani utawavuta mkono safari nzima.