Natoka ualimu kwenda takwimu nikiwa na miaka 46: nifute tarehe kwenye wasifu?

SWALI: Mshauri, habari za kazi. Nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka 21, na kwa miaka 6 ya mwisho nimetunza alama za shule nzima kwenye Excel. Mwaka jana nilimaliza kozi ya uchambuzi wa data. Nimepeleka maombi 17, sijaitwa kwenye usaili hata mmoja. Rafiki ananiambia nifute tarehe zote kwenye wasifu ili umri usionekane. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana dada, tarehe usizifute. Nimesoma wasifu wa waombaji kwa miaka mingi, na usio na tarehe hunifanya nijiulize kinachofichwa. Punguza urefu: eleza kwa kina miaka 10 hadi 15 ya karibuni, ya nyuma ipe mstari mmoja, mwaka wa kuhitimu si lazima, na yote yaishie kurasa 2.

Ila sidhani ni umri tu unaokukwamisha. Wasifu ulionitumia unaanza hivi: "Kufundisha hisabati, kusahihisha mitihani na kutunza alama." Anayetafuta mchambuzi wa data hapo anamwona mwalimu, basi. Nilipokuuliza alama hizo ulizifanyia nini, ndipo ukanieleza yale ambayo wasifu hauna. Andika: "Kila muhula nilikusanya na kusafisha alama za wanafunzi 420, nikabaini mada zilizowaangusha wengi, ratiba ya masomo ya ziada ikapangwa upya kufuata matokeo hayo." Kusafisha hapo ni kutafuta na kurekebisha makosa yaliyoingia kwenye data. Hakuna uongo hapo hata chembe. Sasa mwajiri anaona data ilitoka wapi, uliifanyia nini na uamuzi gani ulifuata. Hiyo ndiyo kazi unayoiomba, na umeifanya miaka 6!

Waajiri wengi wakubwa hutumia programu kuchambua maombi, na programu hizo hutafuta maneno ya tangazo. Tangazo likisema "usafishaji wa data", nawe tumia neno hilohilo, mradi ni kitu unachokiweza, maana kwenye usaili utaulizwa.

Cheti peke yake hakitoshi, ambatisha na kazi ya mkono wako. Benki ya Dunia ilifungua takwimu zake bure kwa umma mwaka 2010. Chagua za elimu, chora grafu 3, andika kurasa 2 za maelezo, kisha weka kiungo kwenye wasifu. Aliyemaliza chuo jana anaweza kuchora grafu kama zako. Lakini kueleza kwa nini watoto huacha shule kunahitaji mtu aliyekaa nao darasani kama wewe. Kwa sababu hiyohiyo, anza na taasisi za elimu, ubadilishe kazi bila kubadilisha uwanja.

Kwenye barua ya maombi futa "ingawa sina uzoefu". Naumia kuisoma kwa mtu aliyefanya kazi miaka 21.

Mshahara wa mwanzo huenda ukawa chini ya unaoupata sasa. Kaeni mpige hesabu nyumbani kabla ya usaili, na usiandike barua ya kuacha kazi mpaka mkataba mpya uwe umesainiwa na pande zote mbili.