Ngazi ya kioo: unene peke yake haukubebi

SWALI: Ninafungua duka la nguo la ghorofa mbili Kariakoo. Nimependa ngazi za kioo za maduka ya Apple. Fundi wangu wa aluminiamu anasema kioo cha tempa cha milimita 19 kinatosha, na matundu ya skrubu atayatoboa hapo hapo dukani. Nimwamini?

JIBU: Usimwamini. Tempa ni kioo kilichopashwa moto sana na kupozwa ghafla ili kiwe na nguvu, na hukatwa na kutobolewa kabla hakijaingia kwenye tanuri. Akiigusa kwa drili baadaye, utaizoa kwa fagio.

Ila hilo ni dogo. Kinachonichosha ni hii imani kwamba kioo kikiwa kinene na kimepigwa tempa, basi kimekuwa zege. Ni kweli tempa ina nguvu mara nne au tano kuliko kioo cha kawaida, lakini ikishindwa hushindwa yote kwa mpigo. Tazama gari. Kioo cha mlango kikigongwa humwagika kama chumvi ya mawe. Cha mbele hupasuka na kubaki mahali pake, kwa kuwa ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki. Mteja wako mwenye mtoto mgongoni akanyage kipi? Na wala si lazima kigongwe: chembe ya uchafu iitwayo nikeli salfaidi iliyosalia ndani ya tempa huvimba polepole, kioo kikapasuka usiku duka limefungwa. Viwanda makini hukipasha moto tena ili vibovu vipasukie kiwandani.

Ngazi ya Apple ya SoHo, New York, ya mwaka 2002, imejengwa kwa tabaka za kioo zilizogandishwa kwa plastiki ngumu, aina iliyobuniwa kwa madirisha ya kukabili vimbunga. Tabaka moja likivunjika, mengine yanabeba. Mchemraba wao wa kioo ulio mlangoni mwa duka la Fifth Avenue, New York, wa mita 10 hivi kila upande, ulikuwa na vipande 90 ulipofunguliwa 2006. Mwaka 2011 ukajengwa upya kwa 15 tu. Kila kipande kilipigiwa hesabu na wahandisi. Hapakuwa na fundi wa kukadiria kwa jicho.

Yaleyale nayaona kwenye kingo za baraza na mapaa ya vioo ya plaza mpya: tempa tupu, isiyogandishwa kwa utando, juu ya vichwa vya watu, eti kwa sababu bei ni nafuu. Mhandisi wa miundo akupe hesabu kwa maandishi kabla hujaagiza. Na fundi wako muulize: tabaka moja likipasuka, kitakachobaki kunishika ni nini? Akisema "hakipasuki hicho, bosi," mpe nauli yake.