Umeme wa upepo nyumbani: mlingoti kwanza, mtambo baadaye

Boksi la mtambo wa upepo limeandikwa wati 1,000. Soma na maandishi madogo yaliyo chini yake: wati hizo hutoka upepo ukifika mita 11 au 12 kwa sekunde, upepo wa kutikisa matawi makubwa na kupindua miavuli. Siku za kawaida hazina upepo huo.

Kasi ya upepo ikiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 8. Mtambo ambao mapanga yake yanachora duara la kipenyo cha mita 2 utakupa kama wati 35 kwa mita 4 kwa sekunde, na karibu wati 300 kwa mita 8. Hakuna mtambo unaoweza kuvuna zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo. Hii midogo ikifika asilimia 30 imejitahidi. Upepo wenye kasi uko juu, kwa hiyo hela yako ipeleke kwenye urefu wa mlingoti kabla ya kufikiria mtambo mkubwa.

Mapanga yakae angalau mita 9 juu ya mti au jengo lolote lililo ndani ya mita 150. Chini ya hapo upepo unajikunja. Funga utepe mrefu kwenye kijiti kirefu: ukinyooka umetulia, upepo ni mzuri, ukizungukazunguka na kujipiga, pahali hapo hapafai. Juu ya paa ndiyo kabisa usithubutu, maana mtetemo utashuka hadi kitandani.

Ndani ya mtambo sumaku huzunguka mbele ya koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, na umeme wa fezi tatu, unaobadili mwelekeo kila mara, hushuka kwa nyaya tatu. Dayodi sita, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huugeuza kuwa wa mwelekeo mmoja (DC), unaingia kwenye betri, kisha kifaa kiitwacho inveta huurudisha kuwa wa kubadili mwelekeo (AC), wa kuwashia vifaa vya nyumbani.

Kosa linaloua mitambo mingi ni kutumia kontrola (kifaa cha kusimamia kuchaji betri) ya sola. Betri ikijaa, kontrola hiyo hukata njia. Paneli haina shida na hilo, lakini mtambo wa upepo ukikosa mzigo huachia mbio, volti zikapanda na kuunguza dayodi, na mapanga yanaweza kupasuka. Kontrola ya upepo haikati. Huuelekeza umeme wa ziada kwenye hita, na hita hiyo lazima ibebe wati zaidi ya kilele cha mtambo. Ifunge mbali na vitu vya kuungua, kwani hupata moto kwelikweli.

Unataka kuchomoa betri? Kwanza piga shoti zile nyaya tatu za mtambo, yaani ziunganishe pamoja, kwa swichi ya breki, mapanga yasimame, ndipo uchomoe. Fanya hivyo upepo ukipoa. Kwenye dhoruba breki inaweza kuunguza koili.

Waya nao unakula umeme. Wati 500 kwa volti 24 ni ampea 21 hivi. Betri ikiwa mita 30 kutoka kwenye mtambo, waya wa shaba wa milimita 10 za mraba hupoteza kama volti 2, yaani wati 45. Mfumo wa volti 48 hupoteza wati 11 tu kwa waya uleule.

Kabla ya kusimamisha mlingoti, zungusha mapanga kwa mkono. Nyaya zikiwa zimeachana, yaende mepesi. Yakiwa mazito, kuna shoti kwenye koili au waya. Zishikanishe zote tatu: sasa yawe mazito sawasawa, kama yanakoroga uji mzito. Yakienda kwa kukwamakwama, waya mmoja haujashika. Utafute ukiwa bado chini.