Kozi ya ukaguzi wa uwanja wa ndege: nilipe ada kwanza?

SWALI: Nina miaka 22, nimemaliza kidato cha nne na JKT. Nataka kazi ya usalama uwanja wa ndege. Chuo kimoja hapa Dar kinasema nilipe ada ya kozi ya AVSEC (usalama wa usafiri wa anga) ya wiki mbili, kazi ipo. Nilipe?

JIBU: Mdogo wangu, hela yako ibaki mfukoni kwanza. Chuo hakiwezi kukuahidi kazi ambayo si chake kuitoa.

Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinachozifunga nchi wanachama wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kinataka kila mkaguzi wa abiria na mizigo afanyiwe upekuzi wa historia yake, kisha athibitishwe. Hapo katikati kuna mafunzo ya kazini ukiwa chini ya jicho la mzoefu. Cheti cha darasani ni mwanzo tu. Hata ukishathibitishwa, utarudi kupimwa tena, na upekuzi nao hurudiwa.

Kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Waulize hao, usiwaulize wenye chuo: je, kozi hii mnaitambua? TCAA wenyewe wana chuo chao, CATC, hapo hapo Dar.

JKT itakusaidia kwa nidhamu, ila kazi yenyewe ni macho zaidi ya misuli. Kwenye eksirei, vitu vya asili ya viumbe na plastiki huonekana rangi ya chungwa, metali buluu, na mchanganyiko kijani. Shida ni kwamba asali, sabuni na baadhi ya vilipuzi vyote ni chungwa. Unavitenganisha kwa umbo, uzito wa rangi na kilichofungwa navyo. Mashine nyingine hupachika picha ya bastola ya uongo ndani ya begi la kweli ili kukupima. Yangu ya kwanza ilinipita hivi hivi, nikaitwa ofisini. Ndiyo maana hatukai kwenye skrini muda mrefu. Kule Ulaya kanuni ni dakika 20, kisha unapisha mwenzako.

Kwa hiyo kabla ya ada yoyote, nenda kapime macho, na useme wazi kuwa unataka kipimo cha kutambua rangi. Asiyetofautisha vizuri nyekundu na kijani, na wengi wao ni sisi wanaume, atahangaika sana mbele ya skrini ile, na wapo wanaoligundua hilo ada ikiwa imeshalipwa.